Uzi Mweupe, Uzi wa Buluu

Jumatatu, 2 Machi

Wifi yangu,

Usishtuke kuona barua, hakuna aliyefariki. Ningepiga simu, lakini wajua simu zetu zilivyo. Nyumba ni ndogo, Mama miguu imemkataa lakini masikio mazima kabisa, na wewe kila nikikupigia pampu inanguruma nyuma yako. Tunaishia "mzima?", "mzima", "haya, salimia". Mengine hayasemeki hivyo.

La kwanza ni la mnanaa wa paka. Wiki tano zilizopita watu wa bomba walikuja, wakachimba mtaro toka getini hadi jikoni, na mtaro wenyewe ukapita katikati ya tuta la Mama, lile la chini ya dirisha lake. Mimi nilikuwa nimetoka kupeleka nguo za watu. Narudi, nakuta bomba jipya, maji safi, na mnanaa wote umelala juu ya kifusi, mizizi inaangalia mbingu. Nikajaribu kuurudisha ardhini, ukakauka ndani ya siku tatu. Mama alifunga pazia, na hadi leo hataki lifunguliwe.

Tangu hapo halali. Kile kikombe chake cha jioni cha yale majani amekinywa tangu mimi sijaolewa hapa, na sasa hakipo. Kazi yake ni kuita. "Fundi, mlango umefungwa?" Umefungwa, Mama. "Fundi, upo?" Nipo, Mama. Mara sita, mara nane, hadi kunakucha. Asubuhi yeye anasinzia kwenye kiti chake na mimi nakaa kwenye cherehani yangu. Wifi, nimechoka, wala sitii chumvi. Juzi nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, nikapiga na pasi kabisa, nikakunja.

Wewe uko kitaluni, umezungukwa na miche ya kila aina. Nitumie mnanaa wa paka, tafadhali.

La pili. Kile kiwanda cha sare, kile cha mji wa nusu siku kwa basi, kinataka nikasimamie meza ya kukata vitambaa. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe hadi mlangoni, wiki ile ile ya bomba. Alipima suruali nilizokata kwa futi yake, halafu akauliza naweza kuanza lini. Wananingoja hadi mwisho wa Mei. Chumba cha kulala kipo huko huko. Nina miaka tisa ndani ya nyumba hii, minne ya mwisho bila kaka yako. Mwaka jana ulisema umefanywa msimamizi na umepata nyumba ya vyumba viwili. Mchukue Mama ukae naye, wifi, au uje wewe. Yeye sijamwambia chochote.

Nijibu mapema.

Wako,
Fundi


Jumatano, 11 Machi

Wifi yangu wa mikasi,

Ati mkono wa kulia kwenye bega la kushoto! Huyo mteja akivaa ataonekana anajikumbatia mwenyewe. Nimecheka hadi wenzangu wamenitolea macho. Pole, jamani. Pole sana.

Mzigo huu nimempa konda wa basi la asubuhi, mwambie akuonyeshe boksi lenye matundu. Ndani nimekuwekea aina mbili, soma vizuri nisije nikalaumiwa. Zote mbili ni mnanaa wa paka, ndugu wa tumbo moja, ila tabia mbalimbali.

Fungu lililofungwa uzi mweupe ndilo la kikombe cha Mama. Huo mmea unasimama wima, ukiachiwa unafika kiunoni, na maua yake ni meupe yenye vidoa vidogo. Harufu yake kali, paka akiinusa anasahau kwao. Unajizaa ovyo kwa mbegu, kwa hiyo maua yakianza kuzeeka yakate, la sivyo mwakani utaota hata kitandani.

Fungu la uzi wa buluu ni la pambo. Huo haupandi juu, unajilaza na kutanda, hauzidi goti. Maua yake ni ya buluu inayoelekea zambarau, na nyuki wanaupenda mno. Mbegu hautoi, mimi nimegawa shina kubwa. Mama alikuwa anaupanda mbele ya ule mweupe kuficha miguu yake, maana mweupe ukizeeka chini unabaki vijiti vitupu. Ukimaliza maua ya kwanza, ukate nusu yake bila huruma, utachanua tena. Paka wengine wanaujali kidogo, wengine hata hawageuki. Kwa usingizi si wa kutegemea.

Yote miwili inataka jua na udongo usiotuamisha maji. Mbolea usiweke, ukishiba unalegea. Acha hatua moja kati ya mche na mche. Na usimwambie Mama kuwa ni dawa. Ni majani ya kutuliza tu, mengine anajituliza mwenyewe.

Lile jambo la pili tutaliongea. Huku sasa hivi ni msimu, kila mtu anataka miche, hata kukuna kichwa hatupati nafasi. Msalimie Mama. Mwambie mwanawe mzima.

Wako,
Bi Kitalu


Alhamisi, 19 Machi

Wifi,

Nimeharibu. Nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu.

Boksi limefika salama, hata jani moja halijanyauka. Nikafungua pale pale kwenye meza ya cherehani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uzi. Uzi wa pamba, wifi, uliosokotwa vizuri, si huu wa siku hizi unaokatika ukiutazama. Mkono wangu haukuniuliza. Nikafungua mafundo, nikaunyoosha, nikauzungusha kwenye vibobini vya cherehani, mweupe huku, wa buluu huku. Nilijisifu hata. Kisha nikaipeleka miche nje, nikaipanda yote kabla jua halijawa kali. Barua yako ilikuwa chini ya gazeti bichi, nimeiona jioni nilipokuwa nasafisha boksi.

Sasa nina miche kumi na minne kwenye tuta, yote mifupi, yote ya kijivu na kijani, yote ina harufu ya mnanaa. Nyuzi zako ziko salama kabisa.

Nilipomwambia Mama, alicheka. Mara ya kwanza tangu bomba. Akaniambia nifungue pazia ayaone hayo maajabu. Alitazama muda mrefu, nikamuuliza, "Mama, upi ni upi?" Akasema macho yake hayafiki huko siku hizi. Basi.

Hebu nieleze nitautambuaje mweupe kabla haujatoa maua. Na lile jambo la pili usinipige chenga. "Tutaliongea" si jibu. Machi inakwisha.

Fundi


Jumatatu, 30 Machi

Wifi, wifi, wifi,

Ni wewe peke yako duniani ungefanya hivyo. Mwizi angeiba miche akaacha uzi! Nimewasimulia wenzangu hapa, sasa wakifunga mafungu wanasema, "Huu usimpelekee yule fundi."

Haya, sikiliza. Chukua jani. Jani la mweupe ni pana, limekaa umbo la moyo, pembeni lina meno makubwa kama limekatwa kwa ule mkasi wako wa meno. Ukilishika ni laini kama flana. Jani la mmea wa buluu ni dogo, limekunjamana, la kijivu zaidi. Mweupe shina lake linaelekea juu tangu utoto. Tatizo miche ikihamishwa inanuna, kwa wiki tatu au nne majani yote yanakuwa madogo na unaweza kudanganyika. Kwa hiyo tumia paka. Yule wa Mama, Bwana Mkubwa, bado anapumua? Mbebe umweke karibu na mche mmoja mmoja. Akibingirika, ndio huo.

Kuhusu lile jambo, nakuomba uvute subira. Si kitu cha kuamua kwa kalamu. Mama ni mtu mzima, huwezi kumng'oa tu ukamhamishia mji asioujua, na mimi msimu ukiisha nitaweza kukaa chini nikapanga vyumba. Tuseme Agosti. Kiwanda kikikutaka kweli kitakungoja.

Halafu nikuulize kama mwenzio, usikasirike. Hii haraka yote, kuna mtu? Maana mwenye kiwanda kuja mwenyewe hadi mlangoni, na futi mkononi, mmh. Wewe bado kijana, hakuna atakayekulaumu. Ila niambie ukweli.

Wako,
Bi Kitalu


Jumapili, 12 Aprili

Wifi,

Nimekasirika. Nimeiweka barua yako siku kumi na moja ndipo nijibu, na hasira bado ipo.

Nianze na mnanaa, maana ndio unaojua kuuzungumzia. Bwana Mkubwa hana habari. Nimembeba kama mtoto mchanga kwenye tuta lote, mche kwa mche, majirani wanatazama. Aliinusa miwili, akakaa juu ya wa tatu, akalala. Basi nikaamua kwa macho. Nikachagua ule uliokuwa umestawi zaidi, nikachuma, nikampa Mama kikombe kila jioni kwa siku kumi. Alikunywa, hakukitia kasoro hata siku moja. Na hakulala hata siku moja.

Jana paka wa jirani, yule wa madoa, alipita ukutani akaona upande wa kushoto wa tuta. Nilimkuta amelala chali, miguu juu, uso wa mtu aliyesahau kwao kama ulivyosema. Amevunja miche mitatu. Ndio nikajua mweupe uko kushoto, na mimi siku kumi nampa Mama pambo. Nilikaa chini palepale kwenye udongo nikalia, kwa mnanaa, wifi. Mtu mzima.

Sasa hilo lako la mwanamume. Hakuna mtu. Mwenye kiwanda ana umri wa Mama na alikuja na mkewe, ambaye ndiye aliyeshika ncha ya pili ya futi. Unataka ukweli, huu hapa. Wiki iliyopita nilisinzia kwenye cherehani mguu ukiwa juu ya kanyagio, sindano ikapita kwenye kucha ya kidole cha shahada. Nikaichomoa, nikafunga kitambaa, nikamalizia pindo, maana Mama alikuwa ameshaniita kumgeuza. Nampenda Mama. Simlalamikii. Lakini mimi naogesha, napika, nafua, nashona, halafu naitwa hadi kunakucha niulizwe kama nipo. Nipo, ndiyo. Ila nimebaki kidogo.

Na kinachonizuia si wewe tu. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Kaka yako hayupo. Mtoto hatukujaliwa. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa shule. Hapa naitwa Fundi, miaka tisa, na Mama naye ananiita Fundi kama wateja. Nikitoka mlango huu na begi, mimi ni nani wenu? Mtu aliyewahi kushona hapa? Naogopa kukaa na naogopa kutoka, na hofu zote mbili nazibeba peke yangu wakati wewe una vyumba viwili.

Mwisho wa Mei. Hawatangoja Agosti, wameshasema.

Fundi


Jumatatu, 20 Aprili

Wifi,

Barua nimeipata. Pole kwa kidole. Usitumie mkono huo kwenye udongo hadi kipone.

Ile miche iliyovunjika ikate juu ya jicho la chini, pale panapotoka jani, itachipua. Funika tuta kwa wavu wa kuku, uinue kidogo pembeni kwa mawe ili mmea upenye. Chai ya mweupe chuma majani ya juu, funika kikombe dakika kumi.

Mengine sina cha kuandika kwa sasa.

Bi Kitalu


Jumapili, 3 Mei

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wangu, kwa hiyo soma polepole. Fundi amekwenda kupeleka sare za shule na jirani amenishikia ubao. Barua ataipeleka huyo jirani.

Nimezisoma barua zako. Fundi anaziweka chini ya mkebe wa vifungo, karibu na kiti changu. Usimlaumu, mimi ndiye niliyeshindwa na adabu.

Nitakwambia jambo na usinikatize. Siku alipofungua pazia nilijua mara moja mweupe ni upi na wa buluu ni upi. Nimeipanda miaka thelathini, naijua hata ikiwa na majani mawili. Nilimdanganya kuwa sioni. Siku kumi nilikunywa wa buluu na kuushukuru. Ningemwonyesha, ningelala, na nikilala, yeye angeona kazi imekwisha, angekwenda. Nilimsikia yule wa kiwanda mlangoni. Si bomba lililonikosesha usingizi. Nakesha nikisikiliza kama bado yupo ndani. Ndiyo maana namwita. Namwita mtu aliyechoka ili mimi nisiogope. Kidole chake nimekiona, nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu, nimeiandika.

Sasa yako. Huna vyumba viwili. Konda wa basi aliingia kunisalimia alipoleta boksi, Fundi akiwa nje, akasema amelichukua mlangoni kwako, chumba kimoja nyuma ya kitalu, na magunia ya mbolea ndani. Alidhani najua. Kwani nani alikwambia nataka vyumba? Ulitaka tukuone umefika. Mimi nilikuwa nataka nikuone tu.

Njoo. Au usije, nitafutie mtu wa kulipwa, nitamvumilia. Lakini huyu mwachie aende. Mimi kumwambia mdomo unakataa. Nimejaribu mara tatu, nikaishia kumuuliza kama mlango umefungwa.

Mama yako


Alhamisi, 14 Mei

Wifi,

Barua hii ni fupi kwa sababu nikiirefusha nitaanza mizaha, na mizaha ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nyumba ya vyumba viwili haipo, haikuwahi kuwepo. Nalala chumba kimoja nyuma ya kitalu, godoro upande huu, mbolea upande ule, nguo zangu zote zinanuka samadi hadi nimeacha kuinusa. Usimamizi nao ni uongo. Mimi namwagilia. Miaka sita namwagilia. Kila ulipotaja Mama aje kwangu, nilikuwa naangalia ukuta huu na kuona haya, kisha nakuandikia habari za majani. Na lile la mwanamume nililitunga ili wewe ndiye uonekane una jambo la kuficha. Nisamehe. Najua neno ni dogo.

Mama ameniandikia. Anajua yote, ya kiwanda pia, anajua tangu siku ya kwanza. Aliyosema mengine atakwambia au hatakwambia, mwenyewe. Mimi nakuomba tu usimkasirikie akikwambia.

Hapa nimeaga. Nafika Jumanne tarehe 26, basi la saa nne asubuhi. Andikia kiwanda leo, usingoje kuniona kwa macho. Sijui kumgeuza mtu kitandani, sijui anakula saa ngapi, sijui chochote. Niandikie, nitafuata kama ninavyofuata karatasi za kitalu.

Kule kuuliza kwako, kwamba wewe ni nani wetu, nimekusoma mara nyingi. Sikujibu kwa sababu nilijiuliza na mimi ni nani wenu, mtu wa boksi lenye matundu. Naja tu.

Bi Kitalu


Jumanne, 26 Mei, mezani

Wifi,

Basi langu ni la saa moja na lako la saa nne, tunapishana barabarani. Jirani atakaa na Mama hizo saa tatu. Ningengoja tuonane, ila wanataka nianze leo jioni, na nikikuona sitaondoka, najijua.

Uji saa mbili, usiwe wa moto. Kumgeuza, piga goti moja kitandani, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya paja, mwambie kabla hujamgusa. Hapendi kushtukizwa. Kushoto kwanza, maana kulia kunamuuma. Taulo za kijani ni zake. Akisema hana njaa, ana njaa. Akisema hajambo, muulize tena.

Kwenye tuta, wavu usiutoe, yule wa madoa anapita kila siku kukagua. Wa buluu umeanza kuchanua, mweupe bado. Chai ya jioni majani matano.

Jana alinieleza ya pazia na ya siku kumi. Sikukasirika. Nilikuwa nimechoka mno kukasirika, nikamkata kucha huku anaeleza. Alisema, "Fundi, nenda," mimi nikasema, "Haya, Mama." Asubuhi hii nilipomuaga alikuwa amegeukia ukutani. Sijui kama alikuwa amelala.

Nguo nilizobakiza nimezifungia majina ya wenyewe. Chumba changu nimekifagia, ni chako.

Aliyekuwa hapa,
Fundi


Jumatatu, 22 Juni

Wifi,

Ulikuwa unawezaje? Swali langu la kwanza ni hilo na naliuliza kwa heshima zote. Wiki nne tu, nimechakaa. Mgongo umegoma. Jana nimetia chumvi kwenye chai na sukari kwenye mchuzi, Mama akala vyote akasema, "Leo umejitahidi." Kumgeuza nimeshajua, ila siku ya kwanza nilisahau kumwambia kabla, akanizaba kibao cha usingizini. Ninakistahili, pengine tangu miaka sita iliyopita.

Barua yako ya kwanza kutoka kiwandani nimemsomea mara mbili. Pale uliposema umelala siku ya mapumziko toka mchana hadi kesho yake asubuhi, na wenzako wakagonga mlango kuona kama u hai, alifumba macho akasema, "Mwacheni." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Usingizi wake bado wa kubabaisha. Mweupe nampa, majani matano, nafunika. Siku nyingine analala, siku nyingine anaita. Ananiita Fundi. Nimeacha kumsahihisha, naitika tu. Wa buluu umechanua ukatanda hadi kwenye njia, kesho naukata nusu. Mwenyewe anasimamia kutoka dirishani, kila mmea analo la kuusema.

Sasa kilichonikalisha niandike. Leo asubuhi alikuja muuguzi, yule wa kliniki anayezungukia wazee majumbani. Mgeni, hatujui. Ana fomu ndefu ya kujaza. Jina, umri, magonjwa, anakula nini. Akafika kwenye familia, akauliza, "Bibi, una watoto wangapi walio hai?"

Mama akasema, "Wawili."

Nikajua amemhesabu kaka, amesahau kwamba tumemzika. Nikamwinamia muuguzi nikamnong'oneza, andika mmoja, mwingine alifariki miaka minne sasa. Muuguzi akashika kalamu kubadilisha.

Mama akapiga mkono wa kiti. "Sijarukwa na akili," akasema. "Mwanangu wa kiume amekufa, nilikuwepo. Nimeulizwa walio hai. Ni wawili, wa kike wote. Mmoja ni huyu anayenong'ona mbele yangu kama mimi sipo. Mwingine yuko kazini, anakata nguo."

Muuguzi akaniangalia mimi. Nikamwambia aandike wawili.

Akaandika. Akauliza jina la yule wa kazini, Mama akalitaja, jina lako lenyewe, lote, na la baba yako. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka.

Wako,
Bi Kitalu